Kelele Zetu na Mkate wa Wenye Usonji



Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei katika vigango na jumuiya ndogo ndogo, kila ifikapo tarehe 2 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 ili kuuelimisha ulimwengu juu ya usonji, twasikia hotuba, twaona maandamano ya fulana za buluu, na magazeti hutuonyesha nyuso za watoto. Ni jambo jema, wala hatulibezi. Lakini liko swali ambalo hotuba hizo huliruka. Watoto hao, wakishakua, huenda wapi? Yule aliyepitia kitengo cha wanafunzi wenye usonji, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, yu wapi leo akiwa na miaka 30? Na wale wengi zaidi ambao hawakupata kuonwa na mtaalamu yeyote, waliosoma katika shule za kawaida huku wakichapwa viboko kwa kile kilichoitwa ukaidi, wakamaliza, wakaanza kutafuta kazi: hao nao wako wapi?

Wako humu humu parokiani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini 5,000 yaweza kuwa na watu wapatao 40 wa namna hii, na wengi wao wamekwisha kuuvuka utoto. Huenda ni yule fundi cherehani anayeshona vizuri kuliko wote lakini hapokei mteja baada ya saa sita mchana. Huenda ni yule mwalimu anayekula peke yake. Huenda ni yule binti wa kwaya aliyeacha kuimba tangu siku kigango kiliponunua spika mpya. Mtaani wanaitwa wenye maringo, wakali, wapweke. Wengine husemwa kuwa wamerogwa. Jina la hali yao halijulikani, na mara nyingi hata wenyewe hawalijui.

Neno tunalotaka kulisema ni moja, nasi twalisema bila kumung'unya maneno. Ndugu hawa mara nyingi hawakosi kazi kwa sababu hawaiwezi kazi. Wanaikosa kwa sababu mahali pa kazi, na njia ya kwenda kazini, na hata nyumba ya ibada, pamefanywa mahali wasipoweza kukaa, kisha wanahukumiwa kwa kushindwa kukaa. Hiyo ni dhuluma. Wala tusiifunike kwa neno "huruma", kana kwamba wanachohitaji ni sadaka ya Kwaresima. Wanachodai ni haki, tena ya bei ndogo.

MILANGO ISIYO NA BAWABU

Kila mtu ana milango mitano ya fahamu, na kwa walio wengi milango hiyo ina bawabu. Umeketi ofisini: pangaboi linalia juu yako, jirani anapekua makaratasi, mwingine amejipaka manukato, ukosi wa shati unakugusa shingoni. Bawabu huyo hukupitishia lile unalolihitaji, na mengine yote huyafungia nje, nawe wafanya kazi bila hata kujua kwamba umesaidiwa. Kwa mtu mwenye usonji, mara nyingi bawabu hayupo. Yote huingia, yote kwa pamoja, kila moja kwa nguvu ileile. Mlio wa kijiko katika sufuria waweza kumchoma kama sindano. Taa ya tyubu ya mtindo wa zamani, kwa umeme wetu, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Sisi wengine hatuoni kitu, lakini wapo wanaosumbuliwa na mchezo huo wa mwanga mchana kutwa. Wengine hali yao ni kinyume: hawahisi joto, njaa wala maumivu hadi waanguke, nao huhitaji kujibana, kujitikisa au kubeba kitu kizito ili mwili utulie. Na mtu mmoja aweza kuwa na hali zote mbili, mlango huu ukiwa wazi kupita kiasi na ule umekwama.

Mzigo huo ukizidi, mwili hukataa. Mmoja hutoka mbio nje. Mwingine hupaza sauti. Mwingine hunyamaza kabisa, ulimi usitoe neno, huku mkubwa wake akimwuliza kwa ukali kwa nini hajibu. Je, huyo anaringa? La hasha. Hata mtu aliyeshika kaa la moto hajibu maswali.

Wenye usonji walikuwa wakiyasema haya muda mrefu kabla wataalamu hawajayakubali. Ni mwaka 2013 tu ndipo madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la tano la mwongozo wao wa utambuzi, walipoihesabu hali hii ya milango ya fahamu kuwa miongoni mwa alama za usonji. Bibi mmoja wa nchi hiyo, Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947 na mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuandika jinsi kengele ya shule ilivyomuumiza utotoni kama kekee ya daktari wa meno. Akawa profesa wa elimu ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na habari ya kazi yake yawafaa hasa waamini wetu wafugaji. Wafugaji wa kwao walikuwa wakiwapiga ng'ombe waliogoma kupita njia ya kwendea joshoni au machinjioni. Yeye aliingia mwenyewe katika njia ile, akainama mpaka kimo cha ng'ombe, akatazama. Akaona mnyororo unaoning'inia, kivuli kilichokatiza sakafu, koti lililotundikwa ubavuni. Vitu hivyo vikiondolewa, ng'ombe hupita bila fimbo. Hatumlinganishi mtu na mnyama, Mungu apishe mbali. Twasema tu kwamba kama ng'ombe wa Marekani amepata mtu wa kumwondolea koti, ni aibu kubwa kwamba mfanyakazi wetu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, bado anaonyeshwa fimbo.

HATUA ISHIRINI

Tume imepata kuletewa shauri la kijana mmoja, mtunza ghala wa shirika ambalo hatutalitaja. Kwa miaka 6 hesabu yake ya ghala haikupungua wala kuzidi hata katoni moja. Kisha ofisi ikapangwa upya kwa mtindo wa kisasa: kuta zikavunjwa, watu 11 wakawekwa katika chumba kimoja, na jenereta ikawa chini ya dirisha. Kijana akaanza kuvaa kofia ya sufi iliyofunika masikio. Akageuza kiti akatazama ukuta. Katika mkutano mmoja, kipaza sauti kilipopiga yowe, alisimama akatoka bila kuomba ruhusa. Barua ya kumwachisha kazi ilitaja makosa matatu: kuvaa kofia ndani, kuwapa wenzake mgongo, na kuidharau menejimenti. Yeye alikuwa ameomba mara mbili arudishwe katika chumba kidogo cha zamani kando ya ghala. Tulikwenda tukapima. Kutoka meza aliyopewa hadi chumba kile, kilichokuwa kitupu, ni hatua ishirini.

Hebu tuyatafakari hayo. Shirika lilipoteza mtunza ghala mwaminifu, katika nchi ambayo waajiri hulalamika kila siku kwamba waaminifu hawapatikani, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kubeba meza hatua ishirini.

Na hivyo ndivyo mambo mengi wanayoyahitaji yalivyo. Meza iliyo pembeni, mgongo ukiwa ukutani ili watu wasipite nyuma yake. Kukaa karibu na dirisha badala ya chini ya tyubu, au taa yenyewe kubadilishwa. Ruhusa ya kuvaa kofia yenye ukingo, au kuziba masikio kwa pamba, au kuvaa vikinga masikio vya aina ileile wanayovaa mafundi wa karakana bila mtu kuwacheka. Sare ya pamba laini iliyofuliwa mara kadhaa, lebo ya shingoni ikiwa imekatwa, badala ya kitambaa kikavu kinachokwaruza. Kazi kuelekezwa kwa karatasi na siyo kwa kupigiwa kelele kutoka mlangoni. Kuambiwa mapema: kesho fundi atatoboa ukuta, saa nne jenereta itawashwa. Kuruhusiwa kutoka nje dakika tano na kurudi bila kuhojiwa. Kutoguswa begani kwa ghafula. Kuanza kazi saa moja asubuhi na kuondoka mapema, ili asipande daladala saa ile ambayo abiria wanabebana, konda anapiga bodi, na redio imefunguliwa hadi mwisho. Maana ziko siku ambazo mtu huyu hufika kazini akiwa amekwisha kuzitumia nguvu zake zote njiani, na mkubwa wake humwona wa saa mbili asubuhi akadhani amelewa.

Lipo pia suala la usaili. Mtu anaingizwa katika chumba asichokijua, mbele ya watu watano asiowajua, anaulizwa maswali asiyoyatarajia, na anapimwa kwa ulimi. Kama kazi ni ya kupanga mafaili, kwa nini asipewe mafaili ayapange?

Wapo wanaotujibu kwamba huko ni kudekeza watu wazima. Wanasema: hata sisi kelele zatuchosha, mbona twavumilia? Tunajibu kwa methali ya wazee, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuchoshwa na kelele ni jambo moja. Kuumizwa nazo ni jambo jingine. Wanasema tena: tukimpa mmoja, wote watataka. Naam, na watakapotaka wapewe! Wafanyakazi wote wakiomba chumba kisicho na makelele na maelekezo yaliyoandikwa, basi tumegundua kwamba ofisi nzima ilikuwa mgonjwa na mwenye usonji alikuwa wa kwanza kusema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya wenye usonji peke yao.

ADABU AU MAZOEA?

Kuna hoja ambayo ni nzito zaidi, kwa kuwa inajivika joho la mila zetu. Yasemwa kwamba mtu asiyemtazama mwenzake usoni ni mwongo, na asiyetoa mkono hana adabu. Tunauliza: tangu lini? Katika makabila yetu mengi, mtoto alifundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Aliyemkodolea macho mzee alikanywa. Mkwe na mkwe walipishana njiani bila kugusana. Heshima ilikuwa na namna nyingi, na nyingine zilikuwa za mbali na za kimya. Leo, kwa sababu vitabu vya usaili vilivyotoka ng'ambo vyafundisha kumtazama bosi machoni, kijana mwenye usonji anayetazama sakafu anaambiwa hajiamini, naye anafanya lile lile ambalo babu yake angemsifu kwalo. Huo si utamaduni wetu unaolindwa. Ni mazoea mapya, na tena ya kukopa.

Mahali panapouma zaidi ni msibani. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi wa ndugu hawa wamefarakana na koo zao kwa ajili ya misiba kuliko kwa jambo jingine lolote. Turubai limefungwa, spika mbili zimewekwa, wimbo wa maombolezo umerekodiwa na unarudiwa tangu alfajiri. Moshi wa kuni, vilio, mikono ya watu mia moja ya kushikwa, kulala wengi chumba kimoja. Mwenye usonji amempenda marehemu, pengine kuliko wanaolia kwa sauti. Anafika, anakaa robo saa, anatoweka. Kesho ukoo unakaa kikao: huyu ana neno moyoni, huenda ndiye aliyemwua. Tumeshuhudia shutuma za uchawi zikizaliwa hivyo hivyo, kutokana na mtu kushindwa kuketi chini ya turubai.

Yafaa viongozi wa jumuiya walichukue hili kama kazi yao, kwa maana wao ndio wanaofika msibani kabla ya padre. Msiba una kazi nyingi zisizo za chini ya turubai. Kuna maji ya kuchota, kuni za kupasua, kaburi la kuchimba asubuhi na mapema, daftari la rambirambi la kutunza katika chumba cha nyuma. Mpeni hiyo kazi, kisha mtangazieni ukoo kwamba anaifanya, ili aonekane kuwa yupo. Apewe nafasi ya kumwaga marehemu kabla umati haujafika. Na hiyo spika ya pili, ndugu zangu, marehemu haisikii.

Huko hospitalini, benki na katika ofisi za serikali nako hali ni hiyo hiyo, na hatutaieleza kwa urefu. Mgonjwa mwenye usonji anayeambiwa asubiri saa nne kwenye korido iliyofurika huondoka bila kuonwa, na ugonjwa wake unaendelea. Kumruhusu asubiri nje chini ya mti na kumpigia simu zamu yake inapofika ni jambo la shilingi chache.

NA NYUMBANI MWA BWANA JE?

Kanisa haliwezi kuwafundisha waajiri huku mlango wake wenyewe umefungwa. Tukumbuke pia kwamba Kanisa lenyewe ni mwajiri, tena mkubwa: lina shule, hospitali, vyuo, mitambo ya uchapaji na ofisi. Kila lililosemwa hapo juu linawahusu wakuu wa taasisi hizo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tazameni kanisa la kigango cha kawaida. Ukuta wa simenti, paa la bati lisilo na dari, sauti inagonga na kurudi. Ndani wamo watu 200, ambao mtu mwenye kifua cha kawaida angesikika kwao bila chombo. Lakini pamewekwa spika nne, na kinanda, na kila mwaka michango ya spika nyingine. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limekwisha kuzionya mara kwa mara kumbi za starehe pamoja na nyumba za ibada juu ya kelele. Yapaswa itufedheheshe kwamba tunatajwa katika sentensi moja na baa. Tukisema hivi, tunajibiwa kwamba Mwafrika husali kwa shangwe. Ni kweli, wala hatuna ugomvi na ngoma, kayamba na vigelegele. Shangwe ya watu ni jambo moja. Umeme unaoikuza shangwe hiyo mara kumi ni jambo jingine, na haukutoka kwa mababu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 30, unahimiza waamini waitikie na kuimba, na papo hapo unaagiza ukimya mtakatifu ushikwe kwa wakati wake. Sehemu ya kwanza ya namba hiyo imeeleweka sana. Ya pili imesahauliwa.

Na Bwana mwenyewe alifanyaje? Someni Injili ya Marko kuanzia sura ya 5 hadi ya 8. Nyumbani kwa Yairo, anawatoa nje wapiga kelele kwanza, ndipo anamshika mtoto mkono. Alipoletewa kiziwi mwenye kigugumizi, hakumponya mbele ya mkutano ili watu wapige makofi. Alimtenga na umati, wakawa wawili. Kipofu wa Bethsaida alimwongoza kwa mkono hadi nje ya kijiji. Mara tatu katika sura nne! Wahubiri wa mikutano ya hadhara yenye majukwaa na mitambo wangefanya vyema kuzisoma sura hizo polepole.

Basi yapo mambo ambayo halmashauri ya walei yaweza kuyaamua katika kikao kimoja, bila kuandika kwa askofu wala kuitisha mchango. Misa moja ya Dominika, ile ya alfajiri kwa mfano, isomwe bila spika na bila kinanda, na itangazwe hivyo, ili ajulikane nani anayeitafuta. Benchi moja karibu na mlango wa pembeni liachwe kwa ajili ya mtu anayehitaji kutoka na kurudi, na wahudumu wa mlango waambiwe wasimkamate mkono na kumsogeza mbele. Ubani utumike, lakini ijulikane mapema ni Misa ipi. Maungamo yawezekane kwa miadi, mbali na msongamano wa Juma Kuu. Kuhusu kutakiana amani, Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 82, yanayaachia Mabaraza ya Maaskofu kupanga namna yake kulingana na mila za watu, na yanataka jambo hilo lifanyike kwa kiasi, kwa walio karibu tu. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, parokia nyingi ziliacha kupeana mikono, watu wakatakiana amani kwa kuinamisha kichwa. Hatukusikia kwamba amani ya Kristo ilipungua. Kilichowezekana kwa hofu ya ugonjwa kwa nini kisiwezekane kwa upendo wa jirani?

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana mjini Vatikano na watu wenye usonji pamoja na familia zao tarehe 22 Novemba 2014, alisisitiza kuuvunja upweke na aibu wanayobebeshwa. Kabla yake, mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, namba 22, alifundisha kwamba jamii inayowakubali kazini wale tu walio timamu kwa kila kitu inajidhalilisha yenyewe na kuukana ubinadamu wa wote. Akataka iangaliwe kwa makini hali ya kimwili na ya kinafsi ya mahali anapofanyia kazi mtu mwenye ulemavu. Hali ya mahali pa kazi. Hakuishia kusema apewe kazi.

SHERIA IMEKWISHA KUNENA

Wasiosikia lugha ya Injili wasikie basi lugha ya sheria. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 2 inasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo kupita kiasi kwa mwajiri, ni ubaguzi. Na ibara ya 27 inahusu kazi. Msomi mmoja wa sheria za Kanisa aliwahi kutukumbusha kwamba Kiti Kitakatifu hakikuutia sahihi mkataba huo. Ni kweli. Sababu ilikuwa maneno ya kifungu cha afya, ambayo Kiti Kitakatifu kiliona yaweza kufungua mlango wa utoaji mimba. Haikuwa meza, taa wala kofia, na yeyote anayejificha nyuma ya jambo hilo ili asihamishe meza anaitumia dhamiri ya Kanisa kama pazia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Taasisi zetu ngapi zimejihesabu? Na zile zilizojihesabu, je, zilihesabu magongo na miwani tu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu wake.

Tunajua waajiri watauliza cheti cha daktari. Wataalamu wa kumpima mtu mzima usonji ni wachache mno nchini, na safari ya kuwafikia ni nauli ya mshahara wa mwezi. Mahakamani cheti kina maana yake. Lakini ili kuhamisha meza, kukata lebo ya sare au kuandika maelekezo kwenye karatasi, cheti cha nini? Mtu akisema kiatu kinambana, hatumtumi Muhimbili kwanza.

Tunawaagiza wajumbe wa Tume katika kila kigango wamtafute mwajiri mmoja, wakianza na taasisi ya Kanisa iliyo karibu, waketi naye na wamwulize ni nani katika watumishi wake aliyepewa barua ya onyo mwaka huu kwa "kutoshirikiana". Waziombe barua hizo wazisome. Pale ambapo kosa ni kofia, ni kutoka nje, ni kula peke yake, ni kutotazama usoni, wamwombe mwajiri azungumze kwanza na mtumishi huyo, bila haraka, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya barua ya pili.

Aliyekwisha kuachishwa kazi na anayeona kwamba hakutendewa haki asikae nyumbani akihesabu miezi. Sheria inampa siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kulifikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa Fomu Namba 1. Akichelewa, itambidi kwanza aombe ruhusa na kueleza sababu za kuchelewa. Fomu hizo zipo katika ofisi ya parokia. Tutamsaidia kuijaza siku za Jumanne na Alhamisi asubuhi, katika chumba cha nyuma kilicho mbali na uwanja wa shule. Asiyependa kuzungumza aandike, nasi tutamjibu kwa maandishi.